Kipakiti Ndani ya Boksi la Viatu: Somo Kuhusu Nyuso za Vichocheo





Baada ya Sikukuu, mwanafunzi mmoja wa darasa la Jumamosi alinijia na kipakiti kidogo cha karatasi alichokikuta ndani ya boksi la viatu vyake vipya. Ndani ya kipakiti mlikuwa na punje ndogo ngumu, zinazopitisha mwanga kidogo, mfano wa ushanga. Juu yake kulikuwa na onyo la Kiingereza kwamba zisiliwe. Akaniuliza, "Maalim, hii ni dawa ya nini?" Nilimjibu kwa haraka kuwa ni dawa ya unyevu, inayoshika maji yaliyomo hewani ili viatu visiote ukungu. Akashukuru, akenda zake.

Usiku nikajiona sikumtendea haki. Jibu lilikuwa sahihi lakini halikujibu kitu. Punje zile hazikutiwa dawa yoyote. Ni silika tu, kitu kile kile kilichomo katika vioo vya madirisha na katika mchanga wa kutengenezea vioo. Weka kipande cha kioo ndani ya boksi la viatu, hakitakausha chochote. Basi kwa nini silika hii ikaushe na ile isikaushe, na zote ni kitu kimoja?

Makala haya ni deni ninalomlipa mwanafunzi yule. Jibu lake limo katika umbo, na umbo hilo ndilo linaloendesha viwanda vingi duniani, kuanzia vya mbolea mpaka vya madumu ya maji. Tutapita katika Kemia kidogo na Hisabati kidogo. Aliyefika kidato cha pili atafuata yote. Wadogo wasomewe taratibu, na wasiogope wakiona namba.

KICHOCHEO NI NINI?

Kichocheo ni kitu kinachoharakisha mmenyuko wa kikemia bila ya chenyewe kumalizika. Wanafunzi wa kidato cha tatu wanakumbuka tunavyotengeneza oksijeni maabara. Hidrojeni peroksaidi ikiachwa ndani ya chupa huvunjika polepole mno. Ukitia unga mweusi wa manganizi dioksaidi, mapovu yanafoka papo hapo. Kazi ikimalizika, ukichuja unga ule na kuukausha, utaukuta na uzito wake ule ule. Mwanakemia wa Sweden, Jöns Jacob Berzelius, ndiye aliyeipa hali hii jina la katalisi mwaka 1835. (Na neno kemia lenyewe limepitia katika Kiarabu, al-kimiya, kabla ya kuenea katika lugha za Ulaya. Nalitaja kwa kuwa wapo vijana wanaodhani somo hili ni geni kwetu.)

Kazi ya kichocheo hufanyika wapi? Kikiwa kigumu, kazi hufanyika juu ya uso wake. Molekuli hutua usoni, hushikwa, viungo vyake hulegea, hukutana na jirani yake, kisha huondoka ikiwa kitu kingine. Atomu zilizo katikati ya punje hazioni kinachoendelea, zimezibwa na wenzao. Ni kama muuzaji mwenye bidhaa tele ghalani na meza moja tu ya kuuzia. Wateja wanahudumiwa kwa kadiri ya meza, siyo kwa kadiri ya ghala.

Hili lilionekana zamani. Mwaka 1817 Humphry Davy wa Uingereza aligundua kuwa waya wa platinamu ukipashwa moto na kutiwa katika mchanganyiko wa gesi na hewa, huendelea kuwaka wekundu bila ya mwali wa moto. Lakini ilimbidi aupashe kwanza. Miaka sita baadaye, mwaka 1823, Johann Wolfgang Döbereiner, profesa wa Jena huko Ujerumani, alielekeza hidrojeni juu ya platinamu iliyotengenezwa kama sponji, yenye matundu matupu. Ilikuwa ya baridi, haikupashwa. Sponji ile ikawaka nyekundu na hidrojeni ikashika moto. Döbereiner akaigeuza kuwa taa ya kuwashia moto, ikauzwa Ulaya kwa miaka mingi, maana vibiriti vya kukwaruza vilikuwa bado. Mmoja alikuwa na waya na mwingine sponji, na platinamu ni ile ile.

HESABU YA MCHEMRABA

Chukueni mchemraba wenye upande wa sentimita 1. Una nyuso sita, kila uso ni sentimita mraba 1, jumla 6. Ukateni kuwa michemraba midogo yenye upande wa milimita 1. Mtapata michemraba 1,000, na jumla ya nyuso zake zote ni sentimita mraba 60. Hatukuongeza hata chembe ya kitu, lakini uso umezidi mara kumi.

Tuendelee kukata. Tukifika upande wa maikromita 1, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita, jumla ya uso inakuwa meta mraba 6, sawa na sakafu ya chumba kidogo. Tukifika nanomita 10, ambayo ni sehemu ya mia ya hapo, tunapata meta mraba 600. Kiwanja cha mpira wa kikapu kina meta mraba 420. Mchemraba unaokaa juu ya ukucha umeshinda kiwanja.

Sasa mnaanza kuona siri ya kipakiti. Gramu moja ya silika ile, kwa kawaida, ina uso wa meta mraba kati ya 300 na 800. Haikusagwa ikawa unga. Imejengwa tangu mwanzo kuwa na vitundu visivyoonekana kwa jicho, vimeingiliana ndani kwa ndani. Maji ya hewani yanapata mahali pa kutua. Kioo cha dirisha ni silika iliyoyeyushwa ikashikana, hakina pa kuyatuza isipokuwa kwa nje.

Viwanda vinautumia uso kama huo kwa jambo jingine. Platinamu ni ghali, basi huwezi kuijaza mtungi mzima. Unachukua kitu rahisi chenye uso mkubwa, kama silika au alumina, ukakinyunyizia madini ya thamani kidogo kidogo, yakatawanyika. Ndivyo ilivyo ndani ya kile kifaa cha kusafishia moshi kilichofungwa kwenye bomba la gari: kauri yenye matundu kama sega la nyuki, juu yake utando wa alumina, juu ya utando chembe za platinamu, paladiamu na rodiamu. Na dumu la plastiki unalochotea maji huenda limeanzia juu ya silika. Mwaka 1951 Paul Hogan na Robert Banks, wanakemia wa kampuni ya Phillips Petroleum huko Marekani, waligundua kichocheo cha kromiamu iliyotandazwa juu ya silika, na mpaka leo sehemu kubwa ya plastiki ngumu ya madumu na ndoo hutengenezwa kwa njia hiyo.

MTEGO WA RULA

Hadi hapa hesabu ni nyepesi, kwa sababu michemraba yetu ina nyuso zilizonyooka. Vitu vya kweli si hivyo. Tazameni jiwe la matumbawe lililojengewa nyumba za kizamani. Lina mashimo, ndani ya shimo mna vishimo, ndani ya kishimo mna vitundu vya ncha ya sindano. Sasa niambieni, uso wa jiwe hilo una ukubwa gani? Fundi anayelipaka chokaa kwa brashi pana atakuambia kopo moja linatosha. Mwenye brashi nyembamba, anayeingia kila shimo, atataka makopo mawili. Na lau tungewapa sisimizi kazi hiyo, wangetaka zaidi ya hapo. Nani mkweli? Wote ni wakweli, ila kila mmoja amepima kwa rula yake.

Mtego huu ulijulikana kwanza katika ramani. Mwingereza Lewis Fry Richardson alikuwa akikusanya urefu wa mipaka ya nchi mbalimbali, akakuta mpaka mmoja wa Spain na Ureno umeandikwa mara mbili: kilomita 987 mahali pamoja, na 1,214 mahali pengine. Hakuna aliyeiba ardhi. Anayepima kwa hatua fupi anaingia katika kila kona, na anayepima kwa hatua ndefu anaziruka. Richardson alifariki mwaka 1953, na kazi yake hiyo ikachapishwa mwaka 1961. Mwaka 1967 Benoit Mandelbrot, aliyezaliwa Warsaw na kukulia Ufaransa, aliichukua akauliza swali lililokuja kuwa mashuhuri: pwani ya Uingereza ina urefu gani? Jibu lake ni kwamba hakuna urefu mmoja. Kilichopo ni kanuni ya jinsi urefu unavyoongezeka kila rula inapofupishwa. Mwaka 1975 aliyapa maumbo ya namna hii jina la fraktali, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya kilichovunjika.

Tufanye mfano mmoja kwa penseli, maana bila ya penseli jambo hili halikai kichwani. Uliasisiwa na Helge von Koch wa Sweden mwaka 1904. Chora mstari wa sentimita 27. Ugawe sehemu tatu za sentimita 9. Futa ile ya katikati, mahali pake uweke pande mbili za pembetatu, kila mmoja sentimita 9. Sasa una vipande vinne vya sentimita 9, jumla 36. Kila kipande kifanyie vile vile: vipande 16 vya sentimita 3, jumla 48. Rudia tena: vipande 64 vya sentimita 1, jumla 64. Anayepima umbo hilo kwa rula ya sentimita 9 atasema 36, mwenye rula ya sentimita 3 atasema 48, mwenye ya sentimita 1 atasema 64. Na lau mkono wako usingechoka, urefu usingekoma.

Lakini angalieni kitu kisichobadilika. Kila rula ikifupishwa mara 3, hatua zinazidi mara 4. Katika mstari ulionyooka, rula ikifupishwa mara 3, hatua zinazidi mara 3. Katika kufunika mraba kwa vigae, upande wa kigae ukifupishwa mara 3, vigae vinazidi mara 9, yaani 3 kwa kipeo cha 2. Mstari una kipeo 1, mraba una kipeo 2. Umbo la Koch linataka kipeo ambacho 3 ikipandishwa kwacho hutoa 4. Wanaojua kutumia logi wagawe 0.6021 kwa 0.4771, watapata 1.26. Namba hii huitwa daimensheni ya fraktali, na tuiandike D. Inatuambia kwamba umbo limezidi mstari lakini halijafika kuwa eneo.

Kwa uso ni hivyo hivyo, ila tunaanzia juu zaidi. Uso laini una D ya 2. Uso uliokunjamana na kutobolewa unaweza kupanda mpaka karibu na 3, na hapo maana yake ni kwamba mikunjo imejaa punje nzima, kama wavu wa kuvulia ulioshindiliwa ndani ya pakacha: popote utakapotia kidole unagusa uzi.

RULA ILIYO MOLEKULI

Tatizo ni kwamba ndani ya punje ya silika haiingii rula wala brashi. Utapimaje?

Wanakemia walikuwa na nusu ya jibu tangu mwaka 1938, pale Stephen Brunauer, Paul Emmett na Edward Teller walipotoa njia inayotumika mpaka leo. Unaipoza punje kwa naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, kisha unaifungulia gesi ya naitrojeni. Molekuli zinatandaa usoni kama vigae vya sakafu. Ukijua ni ngapi zimetua, na kila moja inafunika nanomita mraba 0.16, unazidisha unapata eneo. Zile meta mraba mia kadhaa nilizowatajia hapo juu zimepatikana kwa njia hii.

Nusu ya pili ilikuja mwaka 1983 na 1984. Peter Pfeifer na David Avnir, pamoja na Dina Farin, walijiuliza: ikiwa naitrojeni ni kigae, kwa nini tusipime uso huo huo kwa vigae vya ukubwa mbalimbali? Zipo molekuli kubwa kuliko naitrojeni, zipo na kubwa zaidi. Tandaza kila aina peke yake, hesabu idadi, kisha angalia idadi inavyopungua kigae kinapokuwa kikubwa. Ni kazi ya Richardson na ramani zake, ila hatua za bikari zimekuwa molekuli.

Hapa ndipo nataka mnielewe vizuri, kwa hiyo tuende polepole. Kigae chenye upande mara mbili kina eneo mara nne. Juu ya uso laini, wenye D ya 2, idadi ya vigae itapungua mara 4, na ukizidisha idadi kwa eneo la kigae unapata jibu lile lile la mwanzo. Eneo halikubadilika. Juu ya uso wenye D ya 3, idadi inapungua mara 8. Zidisha tena: eneo limekuwa nusu. Gramu iliyokuwa na meta mraba 600 kwa kigae kidogo ina 300 tu kwa kigae kikubwa. Zilizobaki hazikupotea, zimo ndani ya vitundu ambavyo kigae kikubwa hakiingii. Kwa D ya 2.5 idadi hupungua kiasi cha mara 5.7. Hesabuni wenyewe eneo linabaki ngapi.

Walipopima, mkaa ulioshughulikiwa kwa joto kali mpaka ukawa kama grafaiti ulitoa D iliyo karibu na 2, laini kama meza. Silika yenye vitundu ilitoa D inayokaribia 3. Mwaka 1984 pia, Harold Bale na Paul Schmidt walitumia njia tofauti kabisa, ya kutawanya miale ya eksirei, wakapata 2.56 katika vitundu vya aina moja ya makaa ya mawe. Njia mbili zisizojuana zikasema kwamba nyuso za namna hii zipo.

FAIDA YAKE NI IPI?

Mtu anaweza kusema haya ni mapambo ya wataalamu. Siyo. Chukueni mafuta ya kupikia. Tangu Wilhelm Normann wa Ujerumani alipochukua hataza mwaka 1902, mafuta ya maji yamekuwa yakigeuzwa kuwa mafuta ya mgando kwa hidrojeni na kichocheo cha nikeli, ambayo mara nyingi hutandazwa juu ya silika. Molekuli ya naitrojeni ina atomu 2. Molekuli ya mafuta inayoitwa triolini ina atomu 167. Mwenye kiwanda akinunua kichocheo kwa kusoma eneo lililopimwa kwa naitrojeni, amenunua vyumba ambavyo mgeni wake hapiti mlangoni. Kwa kazi hiyo huchaguliwa silika yenye vitundu vipana, ingawa eneo lake kwa karatasi ni dogo. (Akina mama wajue pia kwamba mafuta yakigandishwa nusu nusu hutoa aina ya mafuta yenye madhara kwa moyo. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa wito yaondolewe katika vyakula.)

Na hata mgeni akipita mlangoni, iko safari ya ndani. Kitundu chembamba chenye kuta za mikwaruzo humchelewesha, kwani molekuli inagonga huku na kule na kurudi nyuma. Kuongeza mikunjo bila ya kuweka njia ni sawa na mji wenye vichochoro vitupu, usio na barabara. Mapafu yetu yametatua jambo hili: koo la pumzi linagawika mbili, kisha mbili tena, kiasi cha mara 23, njia pana zikipeleka hewa kwenye vifuko vidogo mamilioni ambako ubadilishanaji hufanyika. Marc-Olivier Coppens, wa University College London, ni miongoni mwa wanaochora vichocheo na mitambo kwa kufuata mpangilio huo.

SIYO KILA MAHALI PA USO HUFANYA KAZI

Kuna jambo jingine linalowachanganya wanafunzi, na lazima niliseme japo kwa ufupi. Mwaka 1925 Hugh Taylor alitoa hoja kwamba katika uso wa kichocheo ni sehemu maalumu tu zinazofanya kazi: pembe, ncha, mahali atomu zilipokaa vibaya. Mfano bora ni chuma kinachotengenezea amonia, ambayo ndiyo asili ya mbolea ya urea. Mkikata kitunguu kwa upana mnaona duara ndani ya duara, mkikikata kwa urefu mnaona mistari. Fuwele ya chuma ni hivyo hivyo, atomu za usoni hupangika kwa namna tofauti kulingana na pembe ya kukatia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Gabor Somorjai na wenzake huko Berkeley, Marekani, walilinganisha nyuso hizo, wakakuta uso mmoja unatengeneza amonia zaidi ya mara 400 kuliko mwingine. Chuma ni kile kile na eneo ni lile lile.

Farin na Avnir wakarudi mwaka 1988 na daimensheni nyingine, ya mmenyuko wenyewe. Walitazama kazi ya chembe za madini inavyobadilika na ukubwa wa chembe. Lau uso wote ungefanya kazi sawasawa, namba ingetoka 2. Mara nyingi haikutoka hivyo. Pale ilipopungua, ilikuwa dalili kwamba kazi imo katika kingo na pembe, siyo katika uwanda.

MIPAKA YA FRAKTALI

Baada ya habari hizi kuenea, fraktali zikaonekana kila mahali. Kila aliyepata mstari ulionyooka kwenye karatasi ya grafu alitangaza fraktali yake. Umbo la Koch la kwenye karatasi halina mwisho, lakini silika ina mwisho. Chini, huwezi kupima kwa rula ndogo kuliko molekuli. Juu, mikunjo inakoma ukifika ukubwa wa vitundu vyenyewe. Kati ya mipaka hiyo kuna nafasi finyu.

Mwaka 1998 ikachapishwa tathmini katika jarida la Science. Waandishi walikusanya ripoti 96 za majaribio zilizodai kuona fraktali, wakapima kila moja imethibitika katika upana gani wa rula. Kwa wastani, rula kubwa kuliko zote ilikuwa imezidi ndogo kuliko zote kiasi cha mara 20 tu. Wakauliza kama kweli maumbile ni ya kifraktali kwa kadiri inavyodaiwa. Na mwandishi wa kwanza wa tathmini ile alikuwa ni nani? David Avnir, yule yule wa molekuli na vigae. Hakusema namba zake za zamani hazina maana. Alisema zina mpaka, na kwamba ndani ya mpaka huo zinafaa kueleza uso. Mimi huipenda karatasi hiyo kuliko zile za mwanzo, na huwasomea wanafunzi wangu wanaponiletea jaribio lenye nukta tatu na hitimisho refu.

Kwa hiyo mkiulizwa katika mtihani "gramu hii ina uso wa meta mraba ngapi?", andikeni namba, na pembeni muandike imepimwa kwa molekuli gani. Msahihishaji anaweza asiwape alama ya ziada. Andikeni tu.

ZOEZI LA NYUMBANI

Tafuteni atlasi yenye ramani kubwa ya Pemba, na bikari. Pwani ya magharibi ina hori na visiwa vingi, ya mashariki imenyooka zaidi. Fungueni bikari sentimita 2, mtembee nayo kutoka kaskazini mpaka kusini kwa upande wa magharibi mkihesabu hatua. Kisha fungueni sentimita 1 mrudie. Gawanyeni hatua za pili kwa za kwanza. Mkipata 2, pwani imenyooka. Mkipata 2.2, D ni 1.14. Mkipata 2.4, D ni 1.26, karibu sawa na umbo la Koch, na karibu na 1.25 ambayo Mandelbrot aliitoa kwa pwani ya magharibi ya Uingereza. Fanyeni vivyo hivyo kwa upande wa mashariki. Kwa Afrika Kusini, ambayo pwani yake ni laini, yeye alitoa 1.02.

Kisha fungueni nusu sentimita mrudie mara ya tatu, mlinganishe jibu jipya na la kwanza. Niletewe namba zote mbili, hata zikikataa kulingana.